Ulisema Kinanipeleka

Mpendwa Tata,

Nakuandikia nikiwa jikoni, karatasi nimeiweka juu ya ungo niliougeuza, maana meza iko kule nyumba kubwa na watoto wanaifanyia kazi ya shule. Mvua hii iliyoanza mwaka jana, wa tisini na saba, imekataa kuisha. Nyuma ya ghala chombo chako kimeegemea ukuta. Nimekifunika kwa gunia la mbolea, na kila upepo ukilipiga lile gunia nadhani ni wewe umefika, unakung'uta matope miguuni kabla ya kupita kwenda kwako.

Sikuwahi kukuandikia. Mtu ambaye nyumba yake naiona nikifungua dirisha, nimwandikie barua ya nini? Lakini pia sikuwahi kuongea na wewe, Tata, si kuongea kwa kweli. Miaka yote niliyokaa katika boma lako, mimi mke wa mwanao Ombati, tuliongea mimi nikiangalia chini, wewe ukiangalia barabarani. Ndiyo chinsoni yetu, ile haya na heshima tuliyolelewa nayo huku Gusii kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Hukuingia nyumbani kwangu hata siku moja. Sikugusa nguo yako hata moja. Mkono wako sikuwahi kuushika kwa salamu. Na mwili wako sikuwahi kuutaja, wala wewe wangu. Hata nikiugua, ulimwuliza mtoto, "Mama yako ameamkaje?" na mimi nikasikia nikiwa ndani, nikajibu kupitia kwa mtoto huyo huyo.

Leo nataka kutaja miguu yako. Nimeomba kwanza. Nimepiga magoti hapa hapa kwenye jivu na nimeona moyoni kwamba Mungu hatanihesabia kuwa nimekosa adabu, kwa sababu barua haina macho, na wewe ulipo sasa hakuna wa kukuambia nimekutazama.

Ulikuwa mrefu, Tata, kupita wanaume wote wa Masimba. Kanisani uliinama mlangoni, ukainama tena kwenye ile boriti, na naona kuinama kulikuzoea mpaka ukawa unainama hata mahali hapana boriti. Uliinama ukiongea na watu, usije ukawaongelea kutoka juu. Ukiketi kwenye benchi ulikunja miguu chini ili watu wapite. Rafiki yako Mzee Nyaribo, mzee wa kanisa mwenzako, alikuwa akisema mbele ya washirika, "Ogaro akipiga magoti, ndipo anakuwa sawa na sisi tuliosimama." Mlicheka nyinyi wawili mpaka mchungaji akakohoa. Mimi nikiwa kwenye viti vya akina mama, shemasi mzima, nilificha mdomo kwa leso.

Halafu Nyaribo akapooza upande mmoja, macho nayo yakaingia ukungu, wakampeleka kwa mwanawe kule Nyacheki, katikati ya majani chai. Watu walikwenda kumwona mwanzoni, kama ilivyo desturi, kisha wakapungua. Wewe hukupungua. Kila Sabato baada ya ibada ulikula chakula kidogo, ukachukua Biblia na kitabu cha nyimbo, ukatembea mpaka Nyacheki kumsomea. Ile njia naijua. Inapanda, inashuka kwa mto, inapanda tena kama inakukomoa. Gari halikubali kuingia kule mvua ikinyesha.

Ulianza kurudi giza likiwa limeingia. Kisha ikaja Sabato moja ambayo hukwenda. Uliketi barazani kwako, umevaa viatu, kitabu mkononi. Nilimtuma Bosibori akuletee uji. Nilikuwa nachambua chinsaga, zile mboga zetu chungu, upande wa pili wa ua, nikasikia kila kitu.

"Babu, mbona umevaa viatu na huendi?"

"Viatu viko tayari. Magoti ndiyo yamegoma."

"Si uyachape!"

"Nikiyachapa ni nani atalia? Ni mimi."

Mtoto alicheka, na wewe ukacheka kidogo. Babu na mjukuu hawana chinsoni, wanataniana watakavyo, na mara nyingi nilimwonea wivu binti yangu. Kisha ukasema kwa sauti nyingine, sauti ambayo haikuwa ya mtoto, "Nyaribo atafikiri nimekufa."

Hayo maneno sikuyaacha pale kwenye chinsaga. Nilimwandikia Ombati, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha unga Nakuru, nikamwambia, "Baba yako amekwama barazani." Akaja mwisho wa mwezi. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua, kwamba zamani ulikuwa na baiskeli, na uliiuza yeye alipopata nafasi ya sekondari, ukawa mtu wa kutembea tangu siku hiyo. "Lazima nimrudishie magurudumu," akasema. Lakini baiskeli tupu, kwa milima hii yetu na kwa umri wako, ingekuwa ni kukuongezea mzigo. Ndipo tukasikia habari za zile pikipiki ndogo zenye pedeli, ambazo mtu anakanyaga kama baiskeli ili injini iwake, na kwenye mlima mkali anaisaidia kwa miguu. Mama Jaya, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vipuri vya baiskeli pale Kisii, alikuwa nazo mbili.

Ombati ilibidi arudi kazini. "Wewe ndiye unafika Kisii siku za soko," akaniambia. "Chagua inayomtosha. Na mzee asijue mpaka ifike. Akijua atakataa."

Nilikwenda. Zilikuwa zimesimama pamoja dukani, moja ndogo ya bluu, nyingine kubwa ya kijani, ndefu kama farasi, vumbi limeilalia. Nikamweleza Mama Jaya kwamba anayenunuliwa ni mtu mzima na ni mrefu, nataka yenye injini nzuri.

"Mama, hiyo si maneno ya injini," akasema. "Injini zote sawa. Hiyo ni maneno ya miguu. Akikaa, goti isikunje sana, isigonge usukani. Akisimama, mguu ifike chini. Wewe leta kipimo ya mguu yake."

"Kipimo gani?"

"Ya ndani." Akatoka nyuma ya kaunta, akashika sari yake, akanionyesha kwa mkono kuanzia juu kabisa mpaka kisigino. "Hapa mpaka hapa."

Tata, masikio yaliniwaka. Na palikuwa na mwanamume mmoja wa Kiogoro ananunua spoki, ananijua, maana watu wa kwao wameoa kwetu. Akaangua kicheko.

"Mama Bosibori, umeambiwa umpime mzee!"

"Nini mbaya?" Mama Jaya akauliza.

"Ni baba ya bwana yake. Kwetu hiyo haiwezekani. Hata akimgusa na kamba tu, mbuzi ya kutakasa itachinjwa."

"Aa." Mama Jaya akanitazama kwa huruma. "Mimi pia niliolewa nikifunika uso, baba mkwe hakujua sura yangu. Lakini pikipiki haijui mkwe. Leta kipimo."

Nilirudi nyumbani na shida hiyo. Ningekupimaje? Mama mkwe alikuwa ameshafariki zamani, yeye angekupima hata ukiwa usingizini. Bosibori angeweza, lakini ungemwuliza ametumwa na nani, naye angesema, mtoto hajui kuficha. Basi nikamkumbuka Fundi Omari, yule fundi wa cherehani pale Masimba, aliyekushonea nguo tangu wote wawili mkiwa vijana. Nilimkuta na suruali yako ya kaki imetundikwa msumarini, imeletwa kutiwa kiraka. Nikamweleza nikiwa nimesimama nje.

"Ni jambo dogo hilo, Mama Bosibori," akasema. "Wewe usiiguse. Nitapima mwenyewe."

Akachukua kamba ya katani, akaipitisha kwenye mshono wa ndani wa suruali, mwisho akafunga fundo. Akanipa. "Miguu ya mzee hiyo. Mchukulie."

Nikaiweka kamba kwenye mkoba wa Biblia, na nikafurahi, Tata. Nilijiona mwerevu. Nimepata miguu yako bila kuitazama.

Siku ya soko iliyofuata Mama Jaya aliishika ile kamba akaining'iniza kando ya kiti cha ile kubwa. Fundo likabaki hewani, mbali na pedeli. Akaiweka kwa ile ndogo. Fundo likagusa pedeli sawasawa.

"Ndogo," akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini wewe alisema mtu mrefu. Hii kamba ni ya mtu ya kawaida. Mrefu namna gani huyu?"

"Anainama mlangoni kwa kanisa."

"Labda mlango ni fupi?" Akaning'iniza kamba tena. "Wewe iko na macho. Miguu yake ni kama hii, au imepita?"

Yule wa Kiogoro alikuwepo tena, safari hii na wenzake wawili wamekaa kwenye benchi ya duka wanasubiri mvua ipungue. Wote wakageuka kunisikiliza. Nilikuwa na macho, ndiyo. Nilikuwa nimekuona ukivuka ua asubuhi na jioni miaka yote hiyo. Lakini ningesema imepita, ningekuwa nimewaambia wanaume watatu na mwanamke wa Kihindi kwamba mimi, mke wa mwanao, nimeitazama miguu yako nikajua ilivyo. Hakuna mke wa kwetu angelisema neno hilo. Angelisema, lingefika Masimba kabla yake.

"Fuata kamba," nikasema.

"Mimi nafuata kamba," Mama Jaya akakubali. "Ikiwa ndogo, rudisha upesi, kabla haijashika matope. Ile kubwa haiendi popote. Hakuna mtu anaitosha."

Unaikumbuka siku kilipofika? Wewe ndiye uliyekiita chombo, sisi tulikiita pikipiki. Kililetwa na pikapu iliyobeba simiti. Ulitoka barazani polepole, ukakizunguka, ukakipiga kengele mara moja, ukavua kofia, ukaomba ukiwa umesimama, mkono mmoja juu ya usukani. Kisha ukageukia barabarani kama kawaida yako, ukasema, "Mkamwana, wewe na Ombati mmenirudishia Sabato yangu." Nilikimbilia jikoni nikalia kwa furaha, moshi ndio ukasingiziwa.

Sabato ile tulisimama wote kukutazama. Uliketi, na magoti yako yakapanda juu karibu na kifua. Ukayapanua pembeni ili usukani upate kugeuka. Injini ikawaka, ukaenda. Vijana waliokuwa wameketi kwenye daraja la mfereji wakapiga kelele, "Panzi! Panzi wa kanisa!" Wewe ukawapungia mkono kama mchungaji anayebariki watu.

Uliporudi jioni nilikusubiri kwenye ua. Nilijikaza nikauliza, kwa sababu Mama Jaya alikuwa ameniambia rudisha upesi.

"Tata, kinakutosha?"

Ulikuwa unaangalia barabarani.

"Kinanipeleka," ukasema.

"Kinakutosha, lakini?"

"Kinanipeleka vizuri, mkamwana. Mungu awabariki."

Basi. Nikaenda kulala na moyo mweupe. Wewe hukuwa mtu wa kusema uongo, kila mtu alijua. Katika baraza la kanisa neno lako lilimaliza shauri. Sikusikia kwamba niliuliza neno moja ukajibu lingine.

Baadaye nikaona umemwita fundi akapandisha kiti mpaka bomba likaishia. Nikasema moyoni, sasa kimekaa sawa. Kila Sabato ulitoka langoni injini ikiimba, ukapita wale vijana, ukapotea kwenye kona ya mikaratusi. Jioni ukatokea kona ile ile, injini ikiimba. Mimi ndiye niliyekuwekea petroli kwenye debe dogo la manjano, na debe lile halikuwa likiisha. Nilishangaa. Kwenye mkutano wa akina mama nikajisifu, nisamehewe na Mungu.

"Kile chombo cha mzee hakili mafuta kabisa," niliwaambia. "Anakwenda Nyacheki na kurudi, debe liko pale pale."

"Basi yule Mama Jaya amekuuzia muujiza!" akasema mmoja.

"Utuombee na sisi," mwingine akadakia, "hata koroboi yangu ipate huo muujiza, maana hiyo inakunywa kama mume wangu kabla hajaokoka."

Tulicheka mpaka tukasahau kufunga kwa sala.

Kisha mvua hii ikaja. Ulianza kurudi umelowa, matope yamefika kiunoni, na mimi nikafikiri ni gurudumu linakurushia. Ukakohoa. Nilikuletea maji ya moto kwa mkono wa Bosibori, nikamwambia akwambie upumzike Sabato moja. Ukamjibu, "Mwambie mama, Nyaribo ananisubiri." Kifua kikakubana. Ombati akaitwa. Hospitali ya Kisii ilikupokea, ikatupa pole. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hapo. Wewe ulikuwepo.

Nataka nikwambie yaliyofuata, kwa sababu hayo huyajui.

Siku ya kukuvika, wanaume walikuwa ndani na wewe, sisi wanawake tumekaa nje kando ya ukuta. Fundi Omari alikuwa ameitwa kwa sababu suti ile ya majivu ni yeye aliyeishona. Nikasikia mzee mmoja anapandisha sauti mle ndani.

"Mbona suruali haifiki? Nani amekata suruali ya marehemu?"

"Sikuikata mimi," Fundi Omari akajibu, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Ni yeye mwenyewe. Zote ziko hivi. Tangu ujana wake kila nikimshonea anasema, Omari, punguza chini, nguo ya watu wawili nikiivaa peke yangu nitamwambia nini Mungu? Na matope haya! Nilizoea. Sijawahi kumshonea Ogaro suruali ya kumfika."

Wakakuvika soksi nyeupe ndefu kufunika palipobaki.

Wanawake walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta. Niliiona ile kamba ya katani, Tata. Niliona fundo linagusa pedeli ya ile ndogo sawasawa, na ile kubwa ya kijani imesimama pembeni inangoja. Kamba ilikuwa kweli, lakini kipimo kilikuwa cha kitambaa ulichowaachia wengine.

Fundi wa jeneza alikuwa anapiga hodi wakati huo. Mmoja akamwambia, "Chukua kipimo kwenye nguo, usisumbue." Nilisimama. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema kwa sauti, mimi mke wa mwana, mbele ya wazee wote wa ukoo, "Msipime nguo. Mpimeni mwenyewe." Ombati akatoka mlangoni akanitazama, akaelewa kwamba kuna jambo, akamwambia fundi, "Fanya anavyosema." Walikupima wewe. Na fundi aliporudi na mbao alisema ni bora walivyomwambia, kwani zile alizokuwa nazo zisingekutosha.

Mazishi yalipokwisha nilikwenda Nyacheki kumpa pole Nyaribo, maana hakuweza kuletwa. Nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta amelala, uso ameuelekeza mlangoni.

"Ni nani? Sikusikia matairi."

"Ni mke wa Ombati, Baba. Nimekuja kwa miguu."

"Ee. Hata yeye alikuwa anakuja kwa miguu."

Nikadhani mawazo yamemchanganyikia. "Alikuwa anakuja na chombo, Baba."

"Alikuwa anakuja nacho, ndiyo. Akikisukuma." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, chozi likatoka upande mwingine. "Injini niliisikia ile mara ya kwanza tu. Baada ya hapo nikawa nasikia matairi yakisaga changarawe, na Ogaro akihema. Nikamwuliza, we Ogaro, umenunua pikipiki au ng'ombe, mbona unamchunga? Akasema akikipanda magoti yanagonga, akiyapanua nyonga inamwuma mpaka katikati ya wiki. Alikuwa anapanda kutoka nyumbani mpaka kwenye kona ya mikaratusi. Hapo anashuka."

"Kwa nini hakukiacha nyumbani?"

"Akiache ukione kimelala?"

Nikageukia barabarani, kama wewe.

"Nilimwambia," Nyaribo akaendelea, "nilimwambia, mweleze mkamwana akibadilishe. Akasema, nitamweleza nini, miguu yangu? Nianze kumtajia yule mtoto mapaja yangu? Na vile alivyofurahi! Akasema, Nyaribo, mimi sijamdanganya. Nimemwambia kinanipeleka. Na si kimenileta?"

Kwa hiyo debe halikuisha, Tata, kwa sababu hiyo. Muujiza wangu ulikuwa ni wewe, mtu mzima wa magoti mabovu, unasukuma chuma kupanda milima ya Nyacheki kwenye matope, unashuka mtoni, unapanda tena, ili mimi nisijue. Na hata ningejua, nisingekuwa na mdomo wa kusema. Nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kimechoka. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, "kifupi", neno dogo hata mtoto wa nasari analo, na katika boma zima hakukuwa na mtu wa kulibeba kutoka kwako kuja kwangu. Sisemi chinsoni ni mbaya. Ndiyo iliyonifanya niishi kwako bila kuogopa. Lakini usiku nikilala nasikia matairi, hata kama sikuwahi kuyasikia.

Nilipita kwa Mama Jaya baadaye. Ile ya kijani bado iko.

"Mzee anasema nini?" akaniuliza. "Ilimtosha?"

"Alisema inampeleka," nikamjibu, nikatoka haraka.

Nyaribo aliniomba kitu siku ile nikiaga. Aliniomba niwe namsomea. "Na ukija, uje na kile chombo," akasema. "Lakini usikiwashe. Nimezoea kusikia matairi."

Basi Sabato iliyopita nilikitoa nyuma ya ghala. Nilivaa gauni langu la ibada na gambuti. Wale vijana wa darajani waliponiona wakaanza, "Shemasi anabeba mzigo siku ya Sabato!" Nikawajibu, "Huu mzigo uliokoka zamani kuliko nyinyi, nyamazeni." Mmoja alishuka kutaka kunisaidia kusukuma, nikamkataza. Nilifika kwenye kona ya mikaratusi, nikasimama, nikageuka kuangalia nyumbani. Hapaonekani. Wala jikoni kwangu, wala ua, wala paa lako. Ni pale tu, hatua moja nyuma bado ungeonekana. Ulikuwa umepachagua vizuri, Tata.

Kutoka hapo nilikwenda ulivyokwenda wewe. Chombo ni kizito. Kwenye mteremko kinakuvuta, kwenye mlima kinakurudisha, na pedeli inakupiga kwenye mfupa wa mguu kama hujui kukishika. Nilijua mahali ulipokuwa unapumzika, kwa sababu hata mimi nilipumzika hapo hapo, kwenye jiwe lile la mtoni, nilishindwa kuendelea. Niliketi nikalia, kisha nikaimba ubeti mmoja ili nipate kusimama.

Nilipoingia kwenye changarawe ya kwa Nyaribo sikusema hodi. Niliacha matairi yafike. Alikuwa amefumba macho. Nikaona uso wake unalegea, ule upande ulio mzima, akasema polepole, "Leo umechelewa." Sikumsahihisha. Nilifungua kitabu pale ulipokuwa umeweka jani la mkaratusi, nikasoma.

Ombati ameandika anauliza kama tukiuze. Anasema hakuna mtu nyumbani anayekipanda, na mimi nahangaika nacho bure kwenye tope. Nimemjibu jana, maneno machache. Nimemwambia kinanipeleka.

Mvua imepungua, watoto wanataka chakula, na karatasi imeisha. Sitakuuliza kama ulipo panakutosha. Wewe ungenijibu neno lingine. Ila zile mbao nilizisimamia mwenyewe, kwa hiyo najua. Lala, Tata, miguu umeinyoosha.

Mkamwana wako,
Mama Bosibori